Taa za dashibodi kwenye trekta la zamani: ogopa ile isiyowaka

Panda kwenye trekta lolote la zamani linalolima kati ya Kongwa na Bahi, mkoani Dodoma, iwe Massey Ferguson 135 au 165, iwe Ford 5000. Zungusha ufunguo hatua ya kwanza, usipige stata, halafu tazama dashibodi. Mara nyingi utakuta giza tupu. Ukimwuliza dereva, atakujibu bila wasiwasi: "Halina shida bosi, hakuna taa inayowaka." Jibu hilo lingefaa kama injini ingekuwa inanguruma. Injini ikiwa imezimwa na ufunguo uko wazi, taa ya oili na taa ya chaji zinatakiwa ziwake zote mbili. Zisipowaka, trekta linaweza kuwa halina ugonjwa wowote na linaweza kuwa linajimaliza taratibu. Dashibodi haina namna ya kukuambia.

Matrekta haya hayana kompyuta. MF 135 ilitoka kiwandani kati ya 1964 na 1975, na kila taa yake ni balbu moja, waya mmoja na swichi moja inayokutana na bodi ya injini, yaani chuma chenyewe kinachorudisha umeme kwenye betri. Ndiyo maana yeyote mwenye spana, msasa na taa ya kupimia anaweza kufufua dashibodi nzima kwa asubuhi moja. Taa ya kupimia ni balbu ya volti 12 wati 5 iliyofungwa nyaya mbili, mmoja una kibanio na mwingine una ncha ya msumari. Mita ya umeme ni bora zaidi, lakini kwa kazi nyingi za hapa hiyo balbu inatosha.

Usitegemee michoro. Mchoro wa kopo la oili au wa betri uliouzoea kwenye gari la leo haupo kwenye matrekta mengi ya umri huu. Kuna kioo chekundu tu, au herufi za OIL na GEN ambazo jua lilishazifuta. Njia ya uhakika ni kufuata waya. Kama trekta lina mfumo wa umeme wa Kiingereza na nyaya zake za awali hazijafumuliwa, rangi zinasaidia: mweupe wenye mstari wa kahawia unakwenda kwenye swichi ya oili, wa kahawia wenye mstari wa njano unakwenda kwenye dainamo au alteneta, wa kijani wenye mstari wa buluu ni wa joto la maji, na wa kijani wenye mstari mweusi ni wa geji ya dizeli. Kama mafundi wanne wameshapita humo na nyaya zote sasa ni nyekundu, anzia kwenye injini urudi nyuma hadi kwenye balbu.

Taa ya oili

Umeme unatoka kwenye ufunguo, unapita kwenye balbu, unashuka hadi kwenye swichi ndogo iliyokazwa ubavuni mwa injini. Ndani ya swichi kuna kiwambo na springi. Oili ikiwa haina presha, springi inakutanisha waya na bodi, na taa inawaka. Presha ikipanda, kiwambo kinasukumwa, mguso unaachana, taa inazima.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni presha inayozima taa hiyo. Swichi nyingi za aina hii zinaachia kati ya bar 0.3 na 0.7. Injini ya Perkins ya silinda tatu iliyomo kwenye MF 135, ikiwa ya moto na inazunguka kwa kasi ya kazi, inatakiwa kuwa na bar 2 hadi 4. Kwa hiyo presha inaweza kushuka hadi bar 1 katikati ya shamba, beringi za krenki zikaanza kulika, na taa ikabaki imezima kimya kabisa. Taa hii haikuambii kwamba oili inapungua nguvu. Inakuambia kwamba nguvu imeshaisha. Ndiyo sababu ikiwaka ukiwa unalima, huendi kumalizia mstari, huendi hadi kwenye kivuli cha mbuyu. Unakanyaga klachi na kuvuta kizimio palepale. Metali za krenki, yaani hizo beringi, zinaelea juu ya utando mwembamba wa oili, na utando huo ukikatika huku injini ina mzigo, dakika moja inatosha kuinokisha.

Ukishazima, acha oili ishuke kwa dakika kumi kisha vuta stiki. Kuna majibu matatu. La kwanza, oili iko chini: tafuta inakovujia, ongeza, washa, tazama taa. La pili, oili iko kwenye kiwango chake: hapo unahitaji kupima presha halisi kabla ya kuwasha tena kwa kazi. La tatu ndilo linalowachanganya watu: oili iko juu ya alama ya mwisho, ingawa hakuna aliyeongeza. Hiyo ni dizeli imeingia kwenye sampu, yaani tangi la oili chini ya injini. Kwenye injini hizi pampu ndogo ya kuvuta dizeli imefungwa ubavuni mwa injini na inasukumwa na kemshafti. Kiwambo chake cha mpira kikipasuka, dizeli inadondokea ndani. Sili ya pampu ya nozeli nayo inaweza kufanya hivyo. Nusa stiki, kisha dondosha tone moja kwenye karatasi: oili nzima inabaki doa zito, iliyochanganyika na dizeli inatanuka haraka na kuacha duara jepesi pembeni. Badilisha kiwambo au pampu, mwaga oili yote, weka filta mpya. Usipunguze tu ziada ukaendelea. Kilichobaki ni chepesi kama maji ya mchele.

Kupima presha halisi, fungua swichi na ukaze geji ya mkono mahali pake. Pasha injini moto hadi maji yafikie joto la kazi, ndipo usome. Kipimo cha injini baridi hakina maana, kwa sababu oili nzito inadanganya. Chini ya bar 2 kwa mizunguko ya juu, anza kupanga ukarabati: chujio la ndani ya sampu lililoziba, vali ya presha iliyokwama, pampu iliyolika, au metali zenyewe. Zianze kwa mpangilio huo, maana vitatu vya kwanza ni nafuu kuliko cha nne.

Taa inayopepesa injini ikiwa ya moto na iko sailensa (inazunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta), kisha inazima ukiongeza mafuta kidogo, haimaanishi kifo. Mara nyingi sailensa imewekwa chini mno, au oili ni nyepesi, au imezeeka. Lakini usiizoee. Pima kwa geji mara moja, andika tarakimu ukutani mwa banda, na upime tena baada ya msimu. Tarakimu ikishuka, unajua unakokwenda.

Sasa upande wa pili, taa isiyowaka kabisa. Chomoa waya kwenye swichi ya oili, ufunguo ukiwa wazi, na uuguse kwenye chuma kisafi cha injini. Taa ikiwaka, balbu na waya ni wazima. Swichi ndiyo imekufa. Isipowaka, tatizo liko juu: balbu, soketi yenye kutu, au waya uliokatika. Kinyume chake, kama taa inawaka muda wote, chomoa waya na uuache ukining'inia. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka mahali na unagusa bodi. Msimu wa kiangazi trekta likiwa limesimama, panya hufanya kazi hiyo vizuri sana.

Makosa mawili ya kununua na kufunga swichi. Kuna swichi na kuna kipimo cha geji. Kipimo ni kinene kama kengele na kinabadilisha ukinzani kadiri presha inavyopanda. Ukikifunga kwenye taa, taa itakuwa na mwanga hafifu usioeleweka. Halafu zipo swichi zinazofunga mguso presha ikipanda, kinyume na unachotaka. Kabla hujalipa, weka taa ya kupimia na betri kati ya ncha ya swichi na mwili wake: swichi sahihi inapitisha umeme ikiwa mezani bila presha. Kosa la pili ni kuzungushia uzi wa swichi ule mkanda mweupe wa mafundi bomba. Swichi yenye ncha moja inapata bodi kupitia uzi huo huo. Ukiuzungushia sana, swichi inakosa bodi na taa haitawaka hata sampu ikiwa kavu.

Taa ya chaji, na balbu yenye kazi mbili

Watu wengi hudhani taa hii inapima betri. Haipimi. Upande mmoja wa balbu umeunganishwa na betri kupitia ufunguo, upande wa pili na dainamo au alteneta. Injini ikiwa imezimwa, upande wa pili uko karibu na sifuri, umeme unapita, taa inawaka. Dainamo ikianza kuzalisha volti sawa na za betri, pande zote mbili zinalingana, hakuna kinachopita, taa inazima. Ni mizani tu.

Kutokana na hilo yanafuata mambo ambayo fundi waya mzuri anayajua na wa kubahatisha hayajui. Kwenye trekta lenye dainamo, taa ikibaki na mwanga kidogo injini ikiwa sailensa ni kawaida. Inatakiwa izime ukipandisha kidogo, mizunguko elfu moja hivi. Kwenye trekta lenye alteneta, balbu hiyo ina kazi ya pili: umeme mdogo unaopita ndani yake ndio unaoamsha sumaku ya alteneta. Balbu ikiungua, alteneta haichaji, au inaamka tu ukipiga mafuta sana. Umebadilisha katauti (kidhibiti cha chaji), umebadilisha brashi, umenunua betri mpya, kumbe tatizo ni balbu ya wati 2.2. Kwa sababu hiyo hiyo, usiweke mahali hapo balbu ya LED. Inapitisha umeme mdogo mno, na alteneta italala.

Mizani pia ina upofu wake. Dainamo nyingi za matrekta hayo zilitoa ampea 11 hadi 22 tu. Alteneta ya Lucas 15ACR ilitoa 28. Siku hizi watu wanalima usiku kukwepa jua na kuwahi unyevu wa mvua za kwanza, wanafunga spotilaiti nne za wati 55. Hizo ni wati 220, karibu ampea 16. Dainamo ya ampea 11 inajitahidi, taa ya chaji inakaa imezima kwa sababu volti bado zinalingana, na betri inanyonywa usiku kucha. Alfajiri stata haizunguki na lawama zinakwenda kwa betri. Kama dashibodi yako ina geji ya ampea, iamini hiyo kuliko taa: mshale ukikaa upande wa kutoa huku injini inafanya kazi, unatumia kuliko unavyozalisha. Hapa LED zina faida. Spotilaiti mbili nzuri za LED zinatosha kwa plau la diski tatu.

Kupima ni rahisi ukiwa na mita. Betri iliyotulia na iliyojaa ina volti 12.6; ikiwa 12.2 iko nusu. Injini ikizunguka 1,500, ncha za betri zinatakiwa zisome kati ya 13.8 na 14.4. Zikibaki 12 na kushuka, hakuna chaji. Zikivuka 14.8, katauti imeharibika na maji ya betri yatachemka hadi yaishe.

Kuna kipimo kimoja kinachopendwa mtaani ambacho ni sumu: kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inaunguruma, ukiona haizimi unasema alteneta ni nzima. Injini ya dizeli ya zamani haizimi hata ukitupa betri kisimani, maana haihitaji umeme kuendelea kuzunguka. Ulichofanya ni kuirushia alteneta volti zisizo na pa kwenda, na daiodi, vile vipande vya ndani yake vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, zinaungua. Vivyo hivyo ukichomelea mkono wa plau au bodi ya trekta: chomoa betri na nyaya za alteneta kwanza.

Daiodi zilizokufa zina dalili zao. Taa inayobaki na mwanga hafifu kwa mizunguko yote, au inayowaka hata ufunguo ukiwa umetolewa, ni daiodi. Hiyo ya pili inakausha betri usiku mmoja, kwa hiyo chomoa waya wa betri mpaka fundi aje.

Halafu upande wa kuunganisha betri. Fordson Major, MF 35 na wenzao wa miaka ya 1950 waliunganishwa chanya kwenye bodi, kinyume na magari yote ya leo. Ukikuta trekta la namna hiyo, uliza au tazama kama limeshageuzwa kabla ya kuazima betri. Dainamo ikiwekewa betri kinyume inaweza kurudishwa: chomoa nyaya zake mbili, chukua waya kutoka ncha ya betri isiyo ya bodi, uguse kwa kudonoa mara mbili tatu kwenye ncha iliyoandikwa F. Cheche ndogo, basi. Alteneta haina msamaha wa namna hiyo; daiodi zake zinaungua kabla hujaondoa mkono.

Taa ya chaji ikiwaka ukiwa shambani, swali la kwanza si umeme. Ni mkanda. Kwenye Perkins ya silinda tatu, mkanda mmoja unazungusha feni, pampu ya maji na dainamo. Ukikatika, taa ya chaji ndiyo inayokuwa ya kwanza kukuambia kwamba maji hayazunguki tena. Simama, zima, tazama mbele. Mkanda ukiwepo na umekaza, unaweza kumaliza ekari zako kabla ya giza na kurudi nyumbani kwa umeme wa betri, almuradi trekta linazimwa kwa kuvuta waya. Mkanda ukikatika, usiongeze hata mita mia. Unapofunga mkanda, ukaze ili ubonyee sentimita moja hadi moja na nusu ukiusukuma kwa dole gumba kwenye sehemu yake ndefu zaidi, na uwe na wa akiba chini ya kiti. Mvungu wa kiti cha trekta unabeba vitu vingi visivyo na maana kuliko mkanda wa feni.

Geji ya joto inadanganya wakati mbaya zaidi

Matrekta mengi ya umri huu hayana taa ya joto bali geji yenye mshale. Kuna aina mbili. Moja ina mrija mwembamba wa shaba unaotoka kwenye injini hadi nyuma ya dashibodi, umejaa kimiminika kinachotanuka. Haihitaji umeme. Mrija ukikatika au ukipindwa kwa kona kali, geji imekufa na haiungwi; unanunua nzima. Aina ya pili ni ya umeme: chomoa waya kwenye kipimo cha injini na mshale unatakiwa ushuke upande wa baridi, gusisha waya kwenye bodi kwa sekunde chache na mshale upae hadi mwisho wa moto. Ukifanya hivyo na hautikisiki, tatizo ni geji au waya. Kama geji ya joto na ya dizeli zote mbili zinasoma ovyo kwa pamoja, usizibadilishe. Nyuma ya dashibodi kuna kidhibiti volti kidogo kinachozilisha zote mbili, na mara nyingi kimekosa bodi tu.

Udanganyifu wenyewe ni huu. Kipimo cha joto kinasoma maji yanayokigusa. Paipu ya rejeta ikipasuka na maji yote yakamwagika, kipimo kinabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kurudi chini kana kwamba injini imepoa. Mshale uliokuwa katikati ukashuka ghafla kwenye jua la saa nane mchana si habari njema. Simama utazame.

Dodoma ina jambo lake kuhusu maji kuchemka. Mji uko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo maji yasiyo na mgandamizo yanachemka kwa nyuzi 96 hivi, si 100. Kofia ya rejeta yenye springi nzima, ambayo kwenye matrekta haya kwa kawaida ni ya ratili 7 kwa inchi ya mraba, inasukuma kiwango hicho juu kwa nyuzi kumi au zaidi. Injini inafanya kazi vizuri kati ya 75 na 90. Ukiweka kofia isiyobana, au kitambaa na mfuko wa nailoni kama inavyoonekana kila mahali, umejibakizia nyuzi sita tu kabla ya kuchemka, na mshale bado haujaingia kwenye nyekundu. Kofia mpya ni bei ndogo kuliko gasketi ya kichwa.

Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi na chokaa, na chokaa hiyo inaganda ndani ya mirija ya rejeta. Kinga maji ya mvua Januari, yahifadhi kwenye madumu kwa ajili ya rejeta, au tumia kulanti iliyochanganywa tayari. Nje ya rejeta kuna mbegu za majani na vumbi: osha kutokea upande wa injini kwenda mbele, kwa maji ya kawaida yasiyo na presha kubwa, vinginevyo unalaza mapezi yake. Na usiitupe thamostati. Fundi anayekwambia "kwa joto la huku haihitajiki" anakupa injini inayofanya kazi baridi asubuhi nzima, inayochoma dizeli vibaya na kulika silinda. Kama injini inachemka thamostati ikiwemo na ni nzima, ugonjwa uko kwingine.

Joto likipanda, usizime papo hapo kama unavyofanya kwa oili. Toa plau ardhini, punguza mafuta, acha izunguke taratibu dakika chache ili maji yabebe joto la kichwa. Hiyo ni kama maji bado yapo na mkanda unazunguka; kama kimoja hakipo, zima. Usimwage maji ya baridi kwenye injini inayochemka, kichwa kitapasuka. Subiri hadi mkono uweze kukaa juu ya rejeta, funika kofia kwa gunia, legeza nusu mzunguko, mvuke utoke kwanza.

Shamba lililokuwa likiberegwa (kukwanguliwa juu juu kwa jembe bila kutifuliwa) miaka yote, halijawahi kuguswa na plau, linavuta injini kuliko unavyodhani, hasa udongo mwekundu ukiwa mkavu. Weka gia moja chini na utazame mshale kwa nusu saa ya kwanza. Ardhi hii ilishawashinda Waingereza na mradi wao wa karanga pale Kongwa kuanzia 1947 hadi ulipoachwa 1951.

Taa ya hewa na nyinginezo

Baadhi ya matrekta yenye filta kavu ya hewa yana taa inayowaka filta ikiziba. Swichi yake inahisi mvuto: injini ikivuta hewa kwa shida, karibu kilopaskali 6, mguso unafunga. Ijaribu kwa kuziba mdomo wa hewa kwa ubao kwa muda mfupi injini ikiwa sailensa na kuongeza mafuta kidogo, taa iwake. Ikiwaka kazini, una muda wa kumaliza zamu, si wiki. Pulizia filta kutoka ndani kwenda nje, hewa isizidi bar 2, na usiigonge kwenye tairi: karatasi inachanika pasipoonekana, taa inazima kwa furaha kwa sababu hewa sasa inapita na vumbi lake, na ringi za pistoni zinalipa. Ndiyo hatari ya taa hii. Inajua kuziba, haijui kutoboka.

Kama trekta lako lina bakuli la oili badala ya filta kavu, hakuna taa. Lifungue kila asubuhi. Tope likifika sentimita moja chini ya bakuli, mwaga. Agosti hadi Novemba, ukivuta haro kwenye vumbi, mara mbili kwa siku si kupitiliza.

Taa ya buluu ni ya fuli, yaani taa kubwa za mbele zikimulika mbali. Taa ya handibreki ipo kwenye baadhi ya Ford na inaharibika kwa matope. Kipasha moto cha kuwashia, kwa baridi ya huku, utakihitaji asubuhi chache za Juni na Julai: sekunde 15 hadi 20, basi. Saa ya injini inastahili neno moja zaidi, kwa sababu ndiyo inayokuambia siku ya kumwaga oili. Inazungushwa na kebo na inahesabu mizunguko, si dakika. Inatimiza saa kamili kwa mizunguko ya kazi tu, kwa hiyo trekta linalokaa sailensa sana limefanya saa nyingi kuliko zilizoandikwa. Kebo ikikatika, daftari la dereva linatosha. Vitabu vingi vinataja saa 200 hadi 250 kati ya oili na oili. Kwa vumbi hili, mwaga kwenye 150.

Kufufua dashibodi iliyokufa

Kazi hii ifanyike Oktoba, si siku mvua ya kwanza imenyesha na foleni ya wenye mashamba iko mlangoni. Anza na waya wa bodi: kutoka betri hadi kwenye chuma cha trekta, ufungue, upige msasa hadi ung'ae, pande zote mbili, ukaze, upake grisi. Dalili ya bodi mbovu ni taa moja kufifia unapowasha nyingine. Kisha waya kutoka injini hadi dashibodi yenyewe, kwa sababu dashibodi nyingi zimekaa juu ya mipira na rangi mpya, hazigusi chuma kokote.

Balbu zote ziwe volti 12 wati 2.2. Waya wa milimita 1 hadi 1.5 za mraba unatosha kwa taa na geji. Matrekta mengi hayakuwa na fyuzi kwenye mstari huu. Ongeza moja ya ampea 5 karibu na ufunguo, kwa sababu waya ukigusa bodi chini ya tangi la dizeli hutaki kujua matokeo yake. Pitisha nyaya ndani ya mpira, zifunge mbali na ekzosi, na andika kwa rangi nyeupe karibu na kila taa: OILI, CHAJI. Dereva mpya atakayekuja Desemba hatauliza, ataona.

Kisha mfundishe jambo moja la kila asubuhi. Ufunguo hatua ya kwanza, taa mbili ziwake. Piga stata, zizime zote ndani ya sekunde chache (ya chaji, kama ni dainamo, ukipandisha mizunguko kidogo), ya oili ikitangulia au zikizima pamoja. Isipowaka moja kabla ya stata, trekta halitoki bandani mpaka ijulikane kwa nini.